Ukucha Mmoja wa Chadia

Karatasi ya munganga wa hospitali ilikuwa na mistari kumi na moja, na Mama Hawa aliitaka isomwe kila asubuhi, kana kwamba maneno yale yangeweza kubadilika yeye akiwa amelala. Kifaransa hakukijua. Aliyesoma ni Chadia, mtoto wa marehemu kaka yake Assumani. Alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yao kijijini Wamaza akageuza mstari baada ya mstari kwa Kiswahili, na shangazi yake akawa anajibu kutoka jikoni.

"Usinywe dawa ya mizizi wiki tatu kabla ya operasio."

"Tumeacha."

"Usinywe aspirini."

"Hata harufu yake haiko humu. Endelea."

"Kula mayai, maharagi, samaki, nyama kama iko."

"Kuku wamebaki wawili, na wale wawili wameanza kuniangalia vibaya. Endelea."

Chadia alikuwa na miaka ishirini na tatu, fundi wa cherehani, mwembamba, mwenye kuongea pole. Titi lake la kushoto lilikuwa limekua kama la wasichana wote. La kulia halikukua. Si kwamba alikuwa ameungua, wala si ugonjwa, wala hakuna jirani wa kumtupia lawama. Upande ule ulikaa tu vilevile ulivyokuwa siku alipoanza shule. Tangu alipofika miaka kumi na tano alikuwa amejishonea kifuko cha kitambaa laini na kukijaza mchele. Pamba aliijaribu kwanza, lakini pamba ni nyepesi, inapanda juu mtu akiinama. Mchele ulikuwa na uzito wa kweli. Ubaya wake ni masika: ulishika unyevu ukaanza kunuka, naye akawa anaubadilisha kila Ijumaa, mlango umefungwa kwa komeo.

Watu wawili tu ndio walijua, yeye na shangazi yake. Na kwa shangazi yake jambo hili lilikuwa na uchungu wake wa pekee, kwa sababu kazi ya Mama Hawa ilikuwa kutayarisha mabibi harusi. Miaka arobaini alikuwa anaitwa, huku Wamaza, kule Kabambare, mpaka Kasongo mjini. Binti anaketishwa uani nyuma ya mkeka uliotundikwa, mbele ya beseni kubwa, na wanawake saba wanamzunguka: mama wakubwa, shangazi zake, shangazi za bwana. Wanamwosha, wanamsugua, wanampaka mafuta, halafu hina. Pale nyuma ya mkeka binti habaki na kitambaa hata kimoja.

Chadia alikuwa amekataa wanaume wawili, na wote wawili walikuwa watu wazuri, mmoja muuza duka, mwingine mwalimu.

"Shangazi, bwana nitamzoea," alisema mara ile ya pili. "Beseni ndilo siwezi."

Mama Hawa hakumlazimisha. Aliwaambia wazee wa yule mwalimu kwamba binti bado ana kazi nyingi za kushona, akameza aibu.

Kisha mwaka jana Chadia alienda Kasongo kununua nyuzi, akasikia kwamba wanganga wamekuja kutoka Bukavu kutengeneza watoto wenye midomo iliyopasuka na watu walioungua. Akasimama katika mstari pamoja na wale wa moto. Zamu yake ilipofika, akavua blauzi mbele ya mgeni kwa mara ya kwanza maishani. Mgeni yule alikuwa mwanamke, Dokta Victoire, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Hakushangaa. Hakusema pole. Alichukua utepe wa kupimia, ule ule ambao mafundi wa nguo wanao, akapima, akaandika, akasema: "Iko wengi kama weye, mama. Nitarudi na yako."

"Yako," Chadia alirudia nyumbani. "Alisema yako, shangazi. Kama iko mahali fulani inaningojea."

Sasa Dokta Victoire alikuwa amerudi. Angekaa Kasongo siku kumi tu, na Chadia alipewa Alhamisi, siku ya mwisho ya kupasua. Ijumaa wanganga wangepanda ndege. Kurudi kwao tena hakuna aliyejua, na barabara na vita na mambo ya nchi hii kila mtu anayajua.

Kwa hiyo karatasi ilifuatwa kama sala. Lakini Jumatatu, siku moja kabla ya kuondoka, Mama Hawa alichuma majani ya mhina wa uani kwake, akayatwanga, akayaloweka katika chai nzito na ndimu. Chadia alipoona bakuli akasimama.

"Shangazi, karatasi inasema bila verni kwenye kucha."

"Hina ni verni?"

"Si verni, lakini..."

"Verni inatoka kwenye kachupa, inakaa juu kama rangi ya mulango. Hina ni majani ya Mungu, inaingia ndani. Munganga angetaka kukataza hina angeandika hina. Ameandika?"

Chadia aliangalia karatasi. Hakuna mahali palipoandikwa hina.

"Kaa," alisema shangazi yake, na sauti yake ikashuka. "Nimepaka watoto wa watu miaka arobaini. Wewe nilishajua sitakupaka. Sasa unakwenda kwenye jambo ambalo mama yangu hakuliota, wala bibi yangu. Unataka uende mikono mitupu kama mutu anayekwenda kuteka maji?"

Chadia akakaa. Mama Hawa alimpaka kama asivyowahi kumpaka mtu. Viganja akavijaza maua madogo madogo, ncha za vidole akazitia wekundu, na kucha zote ishirini, za mikono na za miguu, akazipa hina iliyochanganywa na rangi nyeusi ya nywele, mara tatu, mpaka zikawa nyeusi zinang'aa kama mbegu za mpapai zilizooshwa. Hina yake ilikuwa na sifa: siku arobaini haitoki, hata ufue nguo za kikosi kizima.

Jumanne wakapanda pikipiki ya Bakari, mbeba abiria wa kijijini, Chadia katikati, Mama Hawa nyuma ameshika mfuko. Walishuka kwenye kila daraja la magogo wakavuka kwa miguu, wakalala njiani kwa jamaa, wakaingia Kasongo Jumatano alasiri, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Hospitalini walipokewa na muuguzi Ernestine, mwanamke mrefu mwenye kucheka bila kutoa sauti. Aliwapa sabuni ya maji ya rangi ya damu iliyokauka na kuamuru Chadia aoge nayo mara mbili, jioni na asubuhi. Pete zikavuliwa. Shanga za kiunoni, alizovaa tangu alipovunja ungo, zikakatwa uzi na kutiwa katika bahasha yenye jina lake. Ernestine hakuiangalia mikono ya Chadia. Alikuwa anaangalia majina. Kisha akasema kuanzia usiku hakuna kula, hakuna kunywa.

"Hata mate?" aliuliza Chadia.

"Mate ni yako, meza."

"Basi ni funga isiyo na daku," Mama Hawa alisema. "Hiyo tunaweza."

Asubuhi ya Alhamisi Dokta Victoire aliwaita katika chumba kidogo chenye dirisha kubwa. Akamketisha Chadia wima kwenye kiti, si kumlaza, akachukua kalamu ya rangi ya buluu. Alianzia kwenye kishimo cha shingo, akashuka katikati ya kifua mpaka karibu na kitovu, mstari mmoja, bila kuinua mkono. Halafu akachora nusu duara chini ya titi la kushoto, akapima, akahama upande wa kulia, mahali ambapo hapakuwa na kitu, akachora nusu duara nyingine kama ile.

Mama Hawa alisogea bila kujua kwamba anasogea. Kuchora juu ya ngozi ya mtu ilikuwa kazi yake. Alijua jinsi ngozi inavyokimbia chini ya kalamu, jinsi mtu akivuta pumzi ua linavyopinda. Mwanamke huyu alingoja Chadia atoe pumzi ndipo akachora. Mkono huu unajua, aliwaza. Mkono huu ni wa nyumbani kwetu. Lakini yeye Hawa alichora ili watu waangalie, na huyu alichora njia ya kupita, akaingie ndani ya mtu na kutoka.

"Pumua vizuri, mama," alisema Dokta Victoire. Akaushika mkono wa Chadia ili aunyanyue, akaona maua. "Hee! Nani amefanya hii?"

"Ni mimi," alisema Mama Hawa.

"Iko mazuri sana."

Mama Hawa akainama kwa furaha. Alipoona dokta ameshalainika, akaomba lile lililokuwa linamkaba tangu Wamaza.

"Mama munganga, naweza kuiona? Ile titi yenyewe?"

"Yenyewe imefungwa, sitaifungua mpaka ndani. Lakini niko na ya kuonyesha."

Akaiweka kwenye kiganja chake. Mama Hawa alikuwa ametarajia kitu kama mpira wa watoto. Hiki kilikuwa angavu, kizito kama kinda la njiwa, na kilipolegea kiganjani kiliujaza ukingo wote wa mkono kikatulia pale. Alikibonyeza kwa kidole gumba. Kikakubali, kisha kikarudi. Kilikuwa kama maji yaliyokula kiapo kwamba hayatamwagika. Akakiinua kwenye mwanga akaona dirisha lote ndani yake, na mti wa nje, na mbuzi aliyepita chini ya mti, vyote vidogo, vyote kichwa chini.

"Subhana'llah," alisema, akamrudishia mwenyewe upesi asije akakiangusha.

Saa mbili akaingia Roger, yule wa kulaza watu usingizi. Alikuwa kijana, mpole, kalamu tatu mfukoni. Akamwuliza Chadia amekula lini, ana pumu, ana jino linalolegea. Kisha akatoa kitu kidogo kama kibanio cha nguo, chenye taa nyekundu ndani, akakibana kwenye kidole cha Chadia. Kioo kikaonyesha vistari. Akakihamishia kidole kingine. Sabini na nne. Vistari tena. Akakivua, akaigeuza mikono ya Chadia kwenye mwanga, akaona kucha. Akaangalia miguu, akaona kucha.

"Nani alimupaka hii?"

Safari hii Mama Hawa alijibu akiangalia sakafu. "Ni mimi, mwanangu. Ni hina tu. Si verni."

Roger akavuta kiti, akakaa ili asiwe juu ya mwanamke mzima anapomwambia neno gumu. "Mama, mi nikimulaza mutu hawezi kuniambia napungukiwa hewa. Kucha zake ndizo zinaniambia. Zikiwa za waridi niko na amani. Zikianza kuwa buluu, najua hatari imeingia. Na hii mashini inasoma hewa ya damu kupitia ukucha. Sasa mumenifungia mulango, kucha yote makumi mawili."

"Sikio?" Dokta Victoire aliuliza.

Akajaribu sikio. Kibanio kilisoma, kikateleza, kikasoma, kikaanguka. "Iko ya kidole. Ile ya sikio ilibaki Bukavu. Sitamulinda mutu kwa kitu kinachoteleza."

Dokta Victoire alivua miwani. "Na mimi niliona," alisema. "Niliona, nikasifu." Akafikiri. "Iko mutoto wa mudomo na baba mumoja wa moto. Nitaanza na wale. Tukimaliza, saa saba, kama Roger ana njia, tunaingia. Kama hana, siwezi."

Walipobaki wao wawili na Ernestine, Mama Hawa aliomba ndimu, chumvi na sabuni. Akasugua vidole vya Chadia mpaka ngozi ikakunjana. Maji yalibaki meupe. Hina haikutoa hata kivuli. Ile sifa yake ya siku arobaini, aliyoisema kwa kelele katika nyua za watu, ilikaa mbele yake nyeusi, inang'aa.

Chadia hakulia. Hilo ndilo lililomuumiza shangazi yake. Alinyosha mkono kwenye mfuko, akatoa kile kifuko cha mchele, akakiingiza mahali pake, juu ya mstari wa buluu wa munganga, akaanza kufunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, kutoka chini.

"Acha," alisema Mama Hawa.

"Shangazi, twende. Bakari bado yuko sokoni."

"Nimesema acha." Akatoka nje na ndara mguu mmoja, akampata Roger ananawa mikono kwenye pipa. "Mwanangu. Wewe unataka kucha ngapi?"

"Zote, mama."

"Kwa kweli ya Mungu. Ngapi?"

Roger akamwangalia. Akatikisa maji mikononi. "Mumoja," alisema. "Nipe ukucha mumoja ulio safi, ninaoweza kuona damu. Kwa ule ninaanza."

Basi Mama Hawa akamtuma Ernestine alete wembe mpya na kitambaa cheupe. Akachagua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kwa kuwa ndicho kilichoenea vizuri katika kibanio. Akakaa kwenye mwanga wa dirisha, akaushika wembe ulale, usisimame, akaanza kukwangua.

Si kazi ya nguvu. Ukikaza, wembe unakata nyama, ukilegeza, unateleza. Unga mweusi ulianza kuanguka kwenye kitambaa, mwembamba kuliko poda. Mwanzo ukucha ulikuwa mweusi. Baada ya muda ukawa kahawia. Akapuliza, akaendelea. Ukawa rangi ya chai ya jana. Nje mtoto wa mdomo aliingizwa, akatolewa. Baba wa moto akaingizwa.

"Inauma?"

"Joto tu."

"Sema ikiuma."

"Shangazi, siku nyingine ukisikia 'bila verni'..."

"Siku nyingine nitakaa juu ya mikono yangu mwenyewe kama kuku juu ya mayai. Usitingishike."

Ernestine alicheka, mabega tu. Jasho lilimtiririka Mama Hawa mpaka kidevuni na hakuweza kulifuta, Ernestine akamfutia. Ukucha ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda la kitunguu, wenye rangi ya asali nyepesi, na chini yake kukawa na kitu cha waridi.

"Ngoja," alisema Ernestine. Akashika kidole. "Angalia, mama. Bonyeza hapa. Sasa achilia."

Mama Hawa akabonyeza. Ukucha ukawa mweupe kama karatasi. Akaachilia. Waridi ikarudi, ikianzia ukingoni, ikaenea, ikajaa.

"Ni nini hiyo?"

"Ni damu yake. Unaifukuza, inarudi. Ikirudi upesi hivi, moyo iko kazini."

Akabonyeza tena. Ikaondoka, ikarudi. Miaka arobaini alikuwa ameshika vidole vya wasichana, mamia kwa mamia, mmoja baada ya mwingine, na kila kidole kilikuwa na dirisha hili, na ndani ya dirisha mtu mzima anapita, anakwenda na kurudi, na yeye Hawa alikuwa na kazi ya kuyapaka madirisha hayo yasionekane. Hakuna aliyemwambia. Akabonyeza mara ya nne, mara ya tano, mdomo wazi.

"Mama, acha sasa," alisema Ernestine, "utamumaliza mutoto damu."

Roger alikuja na kibanio chake saa saba kasorobo. Taa nyekundu ikawaka, na kidole chote cha Chadia kikang'aa kutoka ndani kama kaa la moto lililopulizwa. Vistari. Vistari. Halafu tisini na saba, ikatulia.

Roger akabonyeza ukucha mwenyewe, akahesabu kimoyomoyo, akabonyeza tena.

"Tisini na saba ya ngapi?" aliuliza Mama Hawa kwa sauti ndogo.

"Ya mia."

"Na zile tatu?"

"Hizo hatudai, mama. Hata wewe huna mia." Akamgeukia Chadia. "Toa mchele huo, dada. Tunaingia."

Chadia akautoa. Akaangalia huku na huku pa kuuweka, mwishowe akampa shangazi yake mkononi, wazi, mbele ya mwanamume mgeni, bila kuuficha. Kitanda cha magurudumu kikapita mlango wa ndani. Cha mwisho Mama Hawa alichoona kilikuwa kidole kile kimoja, kimenyooshwa juu ya shuka, kinawaka nyekundu.

Alikaa kwenye ubao wa nje. Alisali adhuhuri palepale, akasahau ni rakaa ya ngapi, akaanza upya. Wanawake wa baba wa moto walimpa chikwange, mkate wa muhogo, akakishika bila kula. Jua lilikuwa limeshahama ukuta mmoja kwenda mwingine Dokta Victoire alipotoka, alama ya kofia bado kwenye paji la uso.

"Imekwenda vizuri. Analala. Ukucha wako haukutuangusha hata mara moja."

Walimruhusu kuingia alipohamishiwa wodini. Chadia alikuwa amefungwa bendeji kifuani, na juu yake shuka jembamba la hospitali. Mama Hawa alisimama mwisho wa kitanda, hakuthubutu kukaribia. Shuka lilipanda na kushuka, likipanda pande zote mbili pamoja, likishuka pande zote mbili pamoja. Alikuwa amedhani ameshaona miili yote ambayo Mungu amewapa wanawake wa upande huu. Asubuhi mtu huyu alikuwa na mstari wa kalamu tu pale. Akaangalia mpaka macho yakamjaa.

Baadaye Chadia akafungua macho. Hakujitazama. Aliangalia dari, kisha akamtafuta shangazi yake.

"Shangazi. Weye angalia kwanza. Mi naogopa."

"Nimeshaangalia."

"Basi?"

Mama Hawa, ambaye hakuwahi kukosa neno la kumsifu bibi harusi hata yule aliyekuwa na sura ya kiazi, alifungua mdomo, akaufunga. Akapanguza macho kwa ncha ya kitenge.

"Iko mbili," alisema.